Siku moja gereji: Beetle inayomisi na bushi ya kabureta

Saa 1:30 asubuhi. Beetle 1600 imelala hapa makusudi, maana valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Uwazi kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni 0.15 mm, zote nane. Naanza silinda ya 1, rota (kisu kinachozunguka) ikitazama alama ya ukingo wa distributa, kigawa moto cha plagi, kisha narudisha puli ya injini kinyumenyume nusu mzunguko kwa ya 2, hivyo hivyo hadi ya 4. Valvu iliyolegea hugonga, kila mtu akaisikia. Iliyobana hunyamaza huku ikiungua.

Saa 3:00. Platini mpya (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme ili plagi itoe moto), uwazi 0.4 mm, na kondensa yake. Grisi kidogo kwenye kemu inayoisukuma, la sivyo kiguu cha platini hulika, uwazi hupungua, moto huchelewa.

Saa 4:00 injini inawaka, lakini silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka. Mwenye gari yuko kwenye simu: "Fundi, si nilikwambia? Weka kabureta nyingine." Napuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha za shafti ya kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya kabureta), kidogo tu kwa sababu inashika moto. Mlio unabadilika papo hapo. Hewa inaingia hapo: shafti ni chuma, bodi ni aloi laini, na tundu limelika likawa yai.

Hapo ndipo siku ilipokwenda. Skrubu mbili za kipepeo zimepondwa ncha kiwandani. Lazima zipigwe tupa kwanza, ukilazimisha zinakatikia ndani ya shafti. Kisha bodi kwa fundi wa kukereza vyuma, na foleni yake. Bushi za shaba nyeusi, vipete vya kushikia shafti, huingia pande zote mbili, na matundu hupitishwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu) kwa mkupuo mmoja yawe mstari mmoja; yakipishana, kipepeo kinanata na gari linabaki na resi hata ukiachia pedali. Kurudisha: funga kipepeo, kiangalie kwenye mwanga kisivuje pembeni, ndipo ukaze skrubu mpya na kuziponda ncha. Ikilegea moja, injini inaimeza.

Jua limeshazama mwenye gari anaingia, anashika bushi ya mfano. "Kadude haka ndiko kamekula siku nzima?"

"Ndiyo, bosi. Na bei ni ya siku nzima."

Akainama kugusa skrubu inayozuia kipepeo kisifunge kabisa. Nikamzuia: kwenye kabureta hii silensa hupangwa kwa ile skrubu kubwa ya pembeni. Nikaiweka mizunguko 850 kwa dakika.