Kwangu mimi ni Gilmour

Mkiniuliza ni mpiga gitaa gani wa roki ana solo kali kuliko wote, yaani kile kipande cha wimbo ambacho gitaa linatawala, jibu langu ndilo hilo. Jana usiku nimezima taa, nikavaa hedifoni, nikarudia solo mbili mpaka saa nane. Ya kwanza ya Jimmy Page kwenye "Stairway to Heaven" ya bendi ya Led Zeppelin, 1971. Anaanza taratibu, halafu noti zinamwagika kama mtu aliyekaa na jambo moyoni siku nyingi. Gitaa lenyewe ni la aina ya Telecaster, alilopewa na mpiga gitaa mwenzake, Jeff Beck. Naipenda mno.

Lakini David Gilmour wa Pink Floyd ndiye anayenimaliza. "Comfortably Numb", 1979, ina solo mbili, na mimi nasema ile ya mwisho. Hana haraka kabisa. Anabonyeza uzi, anausukuma juu kwa kidole, anauacha ulie mpaka utetemeke, ndipo aende noti nyingine. Wiki nzima najaribu sehemu hiyo kwenye gitaa langu, ncha za vidole zimeota sugu, ile sauti bado haijaja.

Brian May wa Queen naye ana lake, maana gitaa lake alilitengeneza nyumbani na baba yake, na anapiga kwa sarafu. Solo yake ya "Bohemian Rhapsody" naiimba yote kwa mdomo. Ila ikifika usiku wa manane, nipeni Gilmour.