Madoa mekundu juu ya Marangu

Juzi jirani alichoma majani, moshi ukatuingilia hadi sebuleni. Kitinda mimba wangu, huku akikohoa, akauliza: "Baba, ile satelaiti yako inamwona bibi?"

Mnaukumbuka ule moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020. Ulianzia Whona, Jumapili ya tarehe 11, pale wapandaji wanapopumzikia kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Vijana walipanda kwa mamia kwenda kuupiga. Mimi nilikuwa Dar, nikipambana nao kwa kukodolea macho ramani ya NASA. Doa jekundu moja ni kipande cha ardhi cha mita 375 hivi ambamo kihisi cha satelaiti kimeona joto lisilo la kawaida. Si ukubwa wa moto, lakini kama mama yako yuko Marangu, chini ya mlima huo, nenda kajieleze hivyo usiku wa manane. Nilikuwa naiamini zaidi picha ya saa nne na nusu asubuhi: moshi unaonekana kijivu, kingo zimechanika, wingu ni jeupe. Mchana mlima hujitanda mawingu, huoni kitu.

Hilo nililijua. Ila jioni moja nikafungua picha ya saa saba na nusu mchana, hakuna hata doa. Nikaandika kwenye grupu la ukoo: "Moto umezimika. Nimethibitisha kwa satelaiti." Zikamiminika amina. Shangazi akatuma maua.

Ikaingia sauti ya mama. Mwanzoni hakuna maneno: mbwa anabweka, mwiko unagonga sufuria, yeye anahema. Kisha, taratibu kabisa: "Baba, nani kakwambia umezimika? Ukungu umefunguka sasa hivi. Nimesimama hapa kihambani, nauona moto umejipanga kama taa za barabarani. Na hao vijana uliowarudisha nyumbani wewe bado wako juu, ndio ninaowapikia."

Nikairudia picha. Pale Whona palikuwa peupe pee. Wingu, na mimi nimelisoma kama habari njema. Nilitaka kufuta ujumbe, kumbe shangazi keshaupeleka grupu la kwaya.

Mpaka leo nikimpigia mama kuuliza kama mvua imenyesha, hunijibu: "Kwani huko juu hawajakwambia?"

Mtoto nilimwambia haimwoni, bibi ni mdogo mno. Akafikiri kidogo.

"Sasa inaona nini?"

Nikaenda kufunga madirisha.