Corolla 100 yarudishiwa themostati: kumbukumbu ya mradi wangu

Kilomita 231,640

Gari hili ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, ile tunayoiita Corolla 100, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498. Ndilo linalonitoa Kimara alfajiri na kunirudisha jioni siku sita za juma, na sina lingine. Tangu nilinunue nimekuwa nikilifanyia mwenyewe kazi za kawaida, yaani kumwaga oili, kubadilisha filta na plagi na kufunga pedi za breki, lakini mfumo wa maji sikuwahi kuugusa, kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba ulikuwa umeshashughulikiwa na fundi.

Dalili zilizonifanya niufungue zilikuwa mbili, na kwa kuzitazama juu juu zilipingana. Asubuhi, barabara ikiwa bado nyeupe, mshale wa geji ya joto ulibaki karibu na C hata baada ya mwendo wa nusu saa. Jioni, kwenye foleni ya Ubungo, mshale huohuo ulipanda hadi ukaikaribia H, nami nikalazimika kuzima kiyoyozi, kushusha vioo na kuomba foleni isogee. Juu ya hayo, lita moja ya petroli ilikuwa inanipeleka kilomita 9.8 tu, kiasi ambacho ni kidogo mno kwa injini ndogo kama hii.

Kabla ya kushika spana niliiuliza kwanza kompyuta ya gari. Magari ya Toyota ya miaka hiyo hayahitaji mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kisanduku cheusi chenye neno DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko chake kuna ramani ya matundu yote. Nilichukua kipande cha waya nikaunganisha tundu la TE1 na la E1, nikafungua swichi bila kuwasha injini, kisha nikaitazama taa ya cheki injini kwenye dashibodi. Kama sensa ya joto la maji ingekuwa na hitilafu, taa ingewaka mara mbili, ikatulia kidogo, halafu ikawaka mara mbili tena, ambayo ni namba 22. Badala yake iliwaka na kuzimika mfululizo kwa mapigo yaliyolingana, maana yake ni kwamba kompyuta haikuwa na hitilafu yoyote iliyoihifadhi.

Jibu hilo lilinisaidia kuliko kama lingekuwa na namba. Sensa ilikuwa inasema kweli: maji yalikuwa baridi hasa. Kompyuta hukadiria petroli ya kunyunyiza kwa kusoma joto hilo, na maji yakiwa baridi huongeza petroli kwa kudhani kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa. Injini yangu ilikuwa inaishi katika hali ya asubuhi mchana kutwa, isipokuwa ilipokwama kwenye foleni.

Kilomita 231,655

Jumamosi niliamka mapema ili injini iwe imepoa kabisa. Kwa jambo hili sina mzaha hata kidogo: kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Kifuniko hicho huyaweka maji chini ya mgandamizo, na kwa kile chenye alama ya 0.9 maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Ukikifungua ghafla, mgandamizo unaondoka na maji yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa pamoja usoni mwako. Nimemwona kijana mmoja aliyeunguzwa kifua kwa namna hiyo, na sijasahau.

Nilifungua koki iliyo chini ya rejeta nikakinga ndoo. Yaliyotoka hayakuwa na rangi ya kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, ya aina yoyote; yalikuwa maji matupu yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na chini ya ndoo yaliacha tope la kutu nililoweza kulichota kwa kidole. Kisha nilifuata mpira wa chini wa rejeta hadi unapoingilia injini. Katika injini hii themostati, yaani vali inayofunguka na kujifunga yenyewe kwa joto la maji, inakaa hapo, upande ambao maji yanaingia, si upande yanakotokea. Nyumba yake imeshikwa na nati mbili. Nilizilegeza, nikaigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, na ilipoachia ikaja na utando mnene wa silikoni nyeusi. Ndani hapakuwa na kitu. Themostati ilikuwa imeng'olewa, na mahali pa mpira wake wa kuzibia palikuwa pamejazwa silikoni.

Nilipofuatilia waya za feni nilikuta kazi nyingine ya mkono uleule. Waya za swichi ya joto zilikuwa zimekatwa, na feni imeungwa moja kwa moja ili izunguke wakati wote swichi ya gari inapokuwa wazi.

Jioni nilikwenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye amefanya ufundi wa magari kwa zaidi ya miaka 30. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza.

"Mwalimu," alisema, "hicho kidude ni cha nchi za baridi. Hapa Dar es Salaam baridi unaitoa wapi? Wengi tunakitoa ili maji yapite bila kuzuiwa."

"Nakuelewa, mzee. Lakini mbona bila hicho kidude gari bado linachemka kwenye foleni?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema nimletee nitakayonunua aione kabla sijaifunga.

Hoja yake si ya kudharauliwa, kwani ndiyo hoja ya gereji nyingi, na kuna injini ambazo ukitoa themostati hutaona madhara ya haraka. Hii si mojawapo. Themostati ya 5A-FE ina vali mbili kwenye mhimili mmoja. Ile kubwa hufungua njia ya maji kutoka kwenye rejeta. Ile ndogo, iliyo nyuma yake, huziba njia ya mkato ambayo hurudisha maji ya moto ndani ya injini bila kupitia kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, rejeta imefungwa na mkato uko wazi, ili maji yazunguke ndani na kupata joto upesi. Injini ikishapata moto, rejeta inafunguka na mkato unazibwa, ili maji yote yalazimike kwenda kupoozwa. Ukiing'oa themostati, njia zote mbili zinabaki wazi daima. Asubuhi, kwenye mwendo na upepo, maji yanayopita kwenye rejeta yanatosha kuipoza injini kupita kiasi. Jioni, gari likiwa limesimama, sehemu ya maji ya moto inakimbilia mkato na kurudi kwenye injini ikiwa na moto uleule. Dalili zangu mbili zilizoonekana kupingana zilikuwa na chanzo kimoja.

Kilomita 231,702

Kariakoo nilizunguka maduka matatu, na nilinunua themostati mbili kwa makusudi, moja ya bei ya chini na nyingine iliyonigharimu mara tatu yake. Zote mbili zilikuwa zimepigwa muhuri wa namba 82 kwenye ukingo, kwa maana ya nyuzi 82. Kwa macho hazikuwa na tofauti ya kusemeka.

Nilizipima nyumbani, kwenye jiko la gesi, na yule mzee alikuja kushuhudia. Nilijaza maji kwenye sufuria, nikazining'iniza themostati zote mbili kwa uzi kutoka kwenye mwiko uliolazwa juu ya sufuria, zisiguse chini, kwa kuwa chuma cha sufuria kina moto kuliko maji. Katikati yake niliweka kipimajoto cha kupikia. Kila uzi niliupenyeza kwenye mdomo wa vali, ili vali ikiubana ubaki umeshikwa na ikifunguka uachie.

Kwenye nyuzi 70 hakuna kilichotokea. Kwenye 80 nilipunguza moto ili joto lipande polepole. Ilipofika 82 uzi wa ile ya bei kubwa uliachia, themostati ikazama taratibu, na nilipoitazama ndani ya maji niliona ufa mwembamba umejitokeza kuzunguka vali. Nta iliyo ndani ya kikopo chake cha shaba ilikuwa inayeyuka na kutanuka, ikisukuma pini. Kwenye nyuzi 95 vali ilikuwa imeinuka milimita 9. Kiwango kinachotakiwa ni 8 au zaidi. Ile ya bei ya chini ilibaki imeuma uzi wake. Maji yalianza kutokota, nayo bado imening'inia. Mzee aliitoa kwa koleo, akaigeuza, akasema, "Kumbe ndizo hizi. Nimefunga ngapi za namna hii, gari likachemka, nikasema kidude hakifai."

Nadhani sentensi hiyo inaeleza vizuri kwa nini themostati zinang'olewa hapa mjini. Fundi hafanyi hivyo kwa uvivu. Amefunga kipuri kisichofunguka, mteja amerudi na gari linalotoa mvuke, na tangu hapo ameona ni salama zaidi kuacha tundu tupu. Dakika 15 za sufuria zingemwonyesha tatizo liko wapi.

Jumapili nilifunga. Silikoni ya zamani niliikwangua kwa kipande cha plastiki, si kwa kisu, ili nisiukwaruze uso wa aluminiamu. Themostati mpya inakuja na mpira wake wa mviringo unaovaa ukingo, na huo peke yake unatosha kuziba, sikuongeza kitu. Kitu kimoja kinahitaji macho: pembeni mwa themostati kuna tundu dogo lenye kipini kinachochezacheza. Hilo ni la kutolea hewa na lazima lielekee juu, la sivyo hewa inanaswa nyuma ya vali, na vali iliyozungukwa na hewa badala ya maji haipati joto la kuifungua.

Rejeta niliisukutua kwa mpira wa bustani, nikipitisha maji kutoka chini kwenda juu, mpaka yalipotoka meupe. Ilichukua karibu saa nzima. Mapezi ya nje niliyaosha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini, na vumbi na wadudu waliotoka humo walijaza kiganja. Kifuniko nacho nilikibadilisha, kwa sababu mpira wa vali yake ulikuwa umekauka na kupasuka.

Kwa kulanti nilichanganya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi ndani ya injini yenye chuma na aluminiamu inaalika kutu. Mfumo ulichukua lita 5.5. Nilimimina polepole, kitasa cha hita kikiwa upande wa moto, nikaiacha injini iungurume kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi. Mkono mmoja niliuweka karibu na mpira wa juu na mwingine karibu na wa chini. Wa juu ulipata moto, wa chini ukabaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha nao ukaanza kupata uvuguvugu, na usawa wa kulanti mdomoni mwa rejeta ukashuka ghafla kwa kiasi cha kikombe. Themostati ilikuwa imefunguka. Nilijaza kilichopungua nikafunga kifuniko.

Iliyobaki ilikuwa feni. Nilizirudisha waya zote mahali pake kwa kuzichomelea risasi na kuzivika mpira, nikafunga swichi mpya ya joto. Waliobuni mfumo huu walifikiri vizuri: swichi hiyo hupitisha umeme injini ikiwa baridi na kuukata joto linapofika karibu nyuzi 93, na kukatika huko ndiko kunakoiamuru rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, iwashe feni. Kwa hiyo waya ukikatika barabarani, feni haizimiki. Inazunguka bila kukoma. Nilijaribu kwa kuchomoa plagi ya swichi injini ikiwa baridi, feni ikazunguka, nikairudisha, ikasimama.

Kilomita 233,190

Nimeendesha kilomita 1,488 tangu siku ile, ikiwemo safari moja ya Morogoro kwenda na kurudi. Asubuhi mshale unafika chini kidogo ya nusu kabla sijafika Ubungo, na unakaa hapo. Jioni kwenye foleni, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, haujavuka nusu hata mara moja. Kwa hesabu ya matangi matatu niliyojaza kwenye kituo kilekile, lita moja sasa inanipeleka kilomita 12.1. Mzee naye ameazima kipimajoto changu mara mbili.

Kuna jambo moja limebaki. Tangu kulanti nyekundu iingie, nimeona alama ya waridi iliyokauka chini ya kitundu cha pampu ya maji, mahali ambapo pampu hutoa machozi sili yake inapochoka. Kwa maji matupu ya zamani alama hiyo isingeonekana. Kila jioni natandika kipande cha boksi chini ya injini na kuandika tarehe pembeni ya kila doa. Kwa wiki mbili yamekuwa madoa manne, yote madogo kuliko sarafu. Mkanda wa taimingi nao hauna kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, na hubadilishwa kila kilomita 100,000, kwa hiyo vyote viwili nitavifungua pamoja shule zikifungwa. Pampu nimeshainunua. Mkanda bado naulizia.