Babu amefka Amu

Shangazi yangu hajanisamehe, na ana haki. Mwaka 2006 nilimsindikiza babu kwenda Amu, yaani Lamu, kuwaona jamaa zake. Basi lilitutikisa kutwa, tukashuka Mokowe, tukavuka kwa boti. Nilipokanyaga forodhani nikatoa simu yangu ya mulika mwizi na kumwandikia shangazi:

"Babu amefka Amu. Dawa zke amexahau, mwmbie ammi a2me na baxi la kexho"

Kisha nikazima simu, chaji isije ikaniishia.

Kule Kibokoni shangazi alikuwa hana miwani. Msomaji wa bara huenda asione tatizo, lakini kwetu Mombasa "amekufa" twaisema "amefa". Basi shangazi akasoma kuwa babu amefa Amu, na kila neno lililofuata likatia muhuri: dawa alizisahau, ndiyo sababu, basi la kesho, ndilo la kwendea mazikoni. Akaangua kilio. Nilipowasha simu baada ya isha, barazani kwetu majirani walikuwa wameshajaa, na ammi ameshakata tiketi. Babu mwenyewe alikuwa na samaki wa kupaka mbele yake. Akaniuliza, "Nani amefa?"

Kilichokuja kuniuma ni hesabu. SMS moja hubeba herufi 160. Yangu nimeihesabu, nafasi na nukta zote: 69. Ile i ya "amefika" ingeingia bure, na nafasi ya kumuulizia hali shangazi ingebaki. Halafu hiyo "baxi". Basi na baxi zina urefu ule ule! Sikuwa nabana chochote, nilikuwa najipamba. Alfabeti tuliyosomeshwa haina x wala q, na c haitoki bila h, kama mwari asiyetoka bila somo wake. Sisi tukaziachia zote barabarani: xaxa, cjui, cna. Nadhani utamu wenyewe ulikuwa hapo, katika kuandika kitu ambacho mwalimu angekipiga mstari mwekundu.

Na "a2me"? Ili uisome "atume" ni lazima uhesabu kwa Kiingereza. Shangazi alisoma chuoni kwa maalim, akaitamka "a-mbili-me", akaipita.

Lakini hayo yote aliyavumilia. Asilolivumilia ni kukatiwa salamu. Nikiwa mdogo nilikuwa karani wake, nikimwandikia barua za kwenda Maskati alikokuwa nduguye. Ukurasa wa kwanza karibu wote ulikuwa salamu: sisi hapa hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu. Fulani akusalimu, fulani akusalimu, mpaka mkono ukafa ganzi. Jambo lenyewe, mara nyingi ni kuomba pesa, lilikuja chini kabisa, mistari miwili. Barua ni nusu ya kuonana, na watu wakionana hawaanzi na pesa.

Sasa mimi huyo huyo karani siku moja nikamtumia "shkm". Akanipigia, kwa krediti yake.

"Mwanangu, niitikie nini hapa? Mrhb? Kama ni kuandikiana bila irabu, kheri uniandikie kwa herufi za Kiarabu. Huko nimezoea kukisia."

Nikacheka, lakini maneno yale hayajanitoka. Tulijiona tumevumbua mwandiko mpya, kumbe shangazi alikuwa ameshaishi miaka arubaini na maandishi yanayomwachia msomaji kazi ya kutia sauti.

Nilidhani salamu ndefu zimekwisha. Mwaka 2013 WhatsApp wakaleta ujumbe wa sauti, na miaka michache baadaye shangazi akanunuliwa simu ya kupangusa. Hakuwa na haja ya miwani tena, wala karani. Ujumbe wake wa kwanza kwenye grupu la ukoo ulikuwa wa dakika nne na kitu. Nikausikiliza jikoni, mikono ina unga. Ilikuwa ni barua ya Maskati, neno kwa neno: hofu na mashaka, fulani akusalimu, paka naye akusalimu. Dakika tatu na nusu ndipo akasema mtungi wa gesi umekwisha.

Nampenda kwa hilo. Mimi pia siku hizi namrekodia, na najikuta nasema maneno ambayo nikiyaandika kwa kidole ningeona haya.

Mpwa wangu ana miaka kumi na saba, subira hana. Tangu 2021 WhatsApp inamruhusu kusikiliza kwa kasi maradufu, naye humsikiliza shangazi hivyo hivyo, hofunamashakanikwako, mpaka afike kwenye gesi. Juzi tulikuwa sote sebuleni. Akasahau kuchomeka visikizi, sauti ikatoka mbio kama cherehani.

Shangazi akainua kichwa. "Maskini, nani huyo anayefukuzwa?"