Siku moja na habari za wadi: Mombasa, mwezi wa Mei

Saa 11 alfajiri

Siku ya mwandishi wa habari za wadi, yaani sehemu ya kaunti, huanza na mashairi ya wazee. Hurekodiwa baada ya swala, kabla tuktuk hazijaanza honi na kabla jirani hajawasha pampu ya maji. Pangaboi lizimwe. Friji nayo, kisha ikumbukwe kuwashwa kabla ya kuaga, maana samaki wa watu wataoza. Mvumo wa friji ukishaingia kwenye rekodi hautoki bila kuondoka na sehemu ya sauti ya msomaji.

Maikrofoni hukaa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige. Kiwango cha sauti kisipite desibeli -12. Faili iwe WAV, 48 kHz, biti 24. Kwa chaneli moja, saa nzima hula takriban nusu gigabaiti. Simu huwekwa mbali, si kuzimwa mlio tu.

"Mzee wangu, waniridhia nikurekodi, na watu wengine wasikie?" Jibu lake liwe ndani ya rekodi, pamoja na jina, mahali na tarehe. Karatasi iliyotiwa sahihi na mjukuu haitoshi. Baada ya hapo, kimya. Zile "ehee" za msikilizaji huharibu rekodi kuliko upepo wa kusi. Itikia kwa kichwa. Mwishoni acha kinasa sauti kiende sekunde 30 chumba kikiwa kimya, utazihitaji kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Saa 1 asubuhi

Shairi liandikwe siku hiyo hiyo, tena na aliyelisikia. Kosa kubwa hapa hufanywa na watu wenye nia njema: kusanifisha. Mzee wa Mvita akisema "mato", mwandikaji akaandika "macho". "Nti" ikawa "nchi". Mizani, yaani hesabu ya silabi, haikubadilika, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, lakini kina cha "to" kimekufa na shairi limebaki guni, yaani lenye kasoro. Andika lilivyotamkwa, maelezo yawe pembeni.

Mizani yenyewe ni chombo cha ukaguzi. Ubeti wa shairi la kawaida una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani nane na nane. Ukihesabu kipande ukapata saba, kuna silabi imemezwa: rudi kwenye rekodi dakika ile ile, usibuni. Ukipata tisa, pengine umeigawa "mw" au "ny" mahali ambapo haigawiki, au "m" ya "mtu" imehesabiwa mara mbili. Na palipo na shaka aulizwe mzee mwenyewe, asiulizwe mwanawe. Wako wanaoona kazi hii iko mbali na siasa za wadi. Mombasa ya enzi za Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, shairi ndilo lililobeba hoja za mji.

Saa 3 asubuhi

Hati ya makadirio ya bajeti ya kaunti. Kisheria, serikali ya kaunti huiwasilisha kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ndiyo maana Mei ni mwezi wa vikao vya maoni ya umma. Usiisome peke yake. Weka kando yake mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hutakiwa kuwa tayari tarehe 1 Septemba iliyotangulia, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinazoonyesha kilichotumika kweli. Mradi ulio kwenye bajeti bila kuwemo kwenye mpango una maswali ya kujibu. Mradi uleule hurudi pia kwa jina jipya: "ukarabati" mwaka huu, "uboreshaji" mwaka ujao. Ufuate kwa mahali ulipo, si kwa jina.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, ikipimwa kwa kipindi cha miaka kadhaa. Ukipiga hesabu, angalia kwanza kama jedwali limeandikwa kwa shilingi au kwa mamilioni. Wengi wamejiaibisha hapo.

Saa 4 na nusu

Ukumbini, kwenye kikao cha maoni ya umma. Hesabu watu mara mbili: kikao kikifunguliwa, na tena maoni yakianza, kwani wengine huondoka baada ya kutia sahihi. Andika nakala ngapi za hati zimegawanywa na kwa lugha gani. Mara nyingi hati ni ya Kiingereza na mjadala ni wa Kiswahili, na hilo peke yake ni habari. Kinasa sauti kisiwekwe mbele ya spika za kupazia sauti, sauti itapasuka. Kiweke karibu na mzungumzaji. Mwenye maoni ya maandishi aje na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi naye. Bila muhuri, maoni hayo kesho hayakuwahi kutolewa.

Saa 9 alasiri

Ikiwa ukumbini imetajwa miche ya mikoko, basi safari ni ya Hori ya Tudor, mkono wa bahari wa Mombasa, maji yakiwa yamekupwa. Jedwali la maji liangaliwe tangu jana, kwa sababu kupwa huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Kamba ya mita 40 hufanya mraba wa mita 10 kwa 10. Pima miraba mitatu: karibu na maji, katikati, na upande wa nchi kavu. Miche ikiwa imepandwa mita moja moja, kila mraba ulipokea kama 100. Iliyo hai 38 ni asilimia 38, hakuna hesabu nyingine. Hai ni ule wenye majani, au ambao shina likikwaruzwa kwa ukucha linaonyesha ubichi.

Miraba ya upande wa maji ndiyo hufa zaidi. Mikoko ni ya aina nyingi: huko ni makazi ya mlilana, lakini hupandwa aina iitwayo mkoko hasa, kwa kuwa mbegu zake ndefu huokotwa kwa urahisi na mtu hujaza gunia asubuhi moja. Mkandaa, aina nyingine, hutaka juu zaidi, yasikofika maji kila siku. Idadi ya miche iliyopandwa ni ya kupigia picha; inayofaa kuandikwa ni ya iliyobaki baada ya mwaka.

Saa 2 usiku

Barua ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu Kiswahili, haidai sababu, na maombi hayalipiwi isipokuwa gharama ya kunakili. Taja hati moja moja na kipindi chake. Ukiandika "taarifa zote kuhusu mikoko" umempa afisa mlango wa kutokea. Ofisi ina siku 21, na ikiongeza ni 14, mara moja tu. Ukikataliwa, una siku 30 za kwenda Tume ya Haki ya Utawala.

Nakala za sauti ziwe tatu, moja nje ya nyumba, na jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku. Kadi ya kinasa sauti haifutwi mpaka kila nakala ifunguliwe na isikilizwe, mwanzo na mwisho.