Kumuuliza padre si kumhukumu

Katika jumuiya ndogo ndogo zetu za Kikatoliki hapa Malindi, mazungumzo yakianza kumgusa padre au askofu, hakosi mtu wa kuyakata kwa aya: "Msihukumu, msije mkahukumiwa." Juzi, baada ya rozari, mama mmoja aliuliza kwa upole hesabu ya mchango wa paa la kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia) itasomwa lini. Mwenyekiti akamjibu, "Mama Neema, hayo tumwachie Baba Paroko na Mungu wake," kisha tukahamia kwenye zamu za kufagia kanisa. Njiani kurudi nyumbani, wale wale walionyamaza walimchambua padre hadi viatu anavyovaa.

Naona tumeigeuza heshima kuwa kizibo. Aya ile inatukataza kujifanya tunaujua moyo wa mtu; haikatazi kuuliza fedha zimekwenda wapi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 212, inawapa waamini haki, na pengine hata wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kuhusu mema ya Kanisa, mradi heshima idumu. Nayo kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya kile walichotoa. Mama Neema, basi, hakuwa akiomba fadhila. Hata Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, na Petro akabaki kuwa Petro.

Wazee wetu nawaelewa kwa kiasi. Jimbo hili lilianzishwa mwaka 2000, na maaskofu wake wawili wa kwanza, Francis Baldacchino na Emanuel Barbara, walikuwa watawa wa shirika la Wakapuchini kutoka Malta. Aliyesomeshewa watoto na wamisionari huona kuhoji ni utovu wa shukrani. Tena sisi ni wachache huku pwani, na aibu ya kanisa hufika sokoni kabla ya misa kwisha. Hoja hizo, hata hivyo, hazina nafasi pale mtoto anapodhulumiwa. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliweka utaratibu wa kupokea taarifa za namna hiyo, hata zikimhusu askofu, na mlei yeyote, yaani muumini asiye padre wala mtawa, anaweza kuzipeleka.

Ninachokipinga ni uvumi wa njiani, kwa sababu anayesemwa hana pa kuujibu. Kanuni ya 220 inalinda jina jema la kila mtu, padre akiwemo. Swali lililoandikwa, likatiwa sahihi na kusomwa mbele ya halmashauri ya parokia, angalau linampa nafasi ya kuleta risiti.