Mlangoni kwa Wazee wa Optina

Basi la Kozelsk, mji ulio jirani na monasteri ya Optina, lilitoka Moscow asubuhi kuelekea kusini magharibi, mwendo wa kilometa 260 hivi. Abiria wengi walikuwa kina mama waliojitanda vitambaa. Mimi nilikuwa nimejifunga kanga, moja kiunoni na moja kichwani, maana mwanamke haingii monasteri ya Kirusi kichwa wazi wala kwa suruali. Bibi niliyekaa naye aliuliza ninakwenda kuombea nini. Nikamjibu nakwenda kuona kaburi la mwanafalsafa, Ivan Kireevsky.

"Kule kuna wazee watakatifu, mwanangu," akasema. "Wanafalsafa umewaacha Moscow."

Wazee kwao ni watawa wanaowaongoza watu kiroho. Sikubishana naye, ila historia iko upande wangu. Mwaka 1836 mwanafikra Pyotr Chaadaev alichapisha barua iliyosema Urusi haijauchangia ulimwengu wazo hata moja. Dola ikamtangaza kuwa mwendawazimu. Mwaka 1850 ufundishaji wa falsafa katika vyuo vikuu ukabanwa, kukabaki mantiki na saikolojia, tena mikononi mwa walimu wa dini. Basi fikra zikahamia sebuleni, kwenye majarida, na huku Optina, kwenye misonobari kando ya mto Zhizdra.

Kaburi la Ivan Kireevsky liko ndani ya kuta za Optina, jirani na la nduguye Pyotr. Wote wawili walifariki mwaka 1856. Ivan alipokuwa kijana alikwenda Ujerumani, akamsikiliza mwanafalsafa Hegel mwenyewe akifundisha. Aliporudi akaoa mke mcha Mungu, na inasimuliwa kwamba kila alipomsomea Schelling, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, mke alijibu kuwa hayo alishayakuta kwa Mababa wa Kanisa, yaani waandishi wa Kikristo wa karne za mwanzo. Hatimaye mume naye akaanza kuwasoma. Kuanzia miaka ya 1840 yeye na mzee Makary wa Optina walishirikiana kuchapisha maandishi ya Mababa hao. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba akili iliyotengana na moyo na imani humkata mtu vipande, na kwamba ndiyo maradhi ya Ulaya Magharibi. Nadhani aliionea Magharibi, tena sana. Hata hivyo swali lake bado lina uhai.

Kutoka hapo njia inapita msituni hadi kwenye makazi ya faragha ya watawa, yaliyoanzishwa mwaka 1821. Wanawake hawaingii. Nilisimama langoni na kina mama wengine, tukatazama kibanda alichoishi mzee Amvrosy, aliyefariki mwaka 1891. Kibanda kimeshikana na ukuta, na kilikuwa na mlango wa upande wa nje ili wanawake wamfikie bila kuvuka lango. Walimletea habari za waume walevi, mahari, hata bata mzinga wanaokufa ovyo, naye akashughulika na yote.

Juni 1878 mwandishi Fyodor Dostoevsky alifika hapa akiwa na Vladimir Solovyov, mwanafalsafa wa miaka 25. Mwezi mmoja kabla Dostoevsky alikuwa amemzika mwanawe Alexei, kwa kifupi Alyosha, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Alizungumza na Amvrosy, kisha akaandika riwaya ya ndugu wa Karamazov, ambamo mama aliyefiwa na Alexei wake mdogo analia mbele ya mzee Zosima. Mkewe Dostoevsky alisema maneno ya faraja mle yalitoka kwa Amvrosy.

Mwanafikra Konstantin Leontiev hakupendezwa na riwaya hiyo. Aliishi hapa miaka yake ya mwisho na akawa mtawa kwa siri. Kwake Ukristo wa Dostoevsky ulikuwa wa rangi ya waridi, upendo mwingi na hofu ya Mungu kidogo. Akaandika kwamba Optina hawamtambui Zosima kuwa mmoja wao. Huenda ni kweli, lakini Leontiev alikuwa mtu wa kupenda ukali kwa ajili ya ukali.

Bibi wa kwenye basi alinikuta palepale langoni. Nikamkumbusha kwamba mwandishi Lev Tolstoy naye alisimama hapa Oktoba 1910, ametoroka nyumbani, ana miaka 82, Kanisa limeshamtenga tangu 1901. Alizungukazunguka ukutani, asiingie.

"Kiburi," bibi akasema.

"Labda alingoja kuitwa, bibi. Mzee Iosif, aliyekuwa mzee wa hapa wakati huo, alikuwa mgonjwa."

"Mlangoni kwa mzee mtu hangoji kuitwa. Anabisha."

Tolstoy aliondoka kwenda Shamordino kwa dada yake Maria, mtawa, kisha akapanda treni na kuugulia katika stesheni ya Astapovo. Kutoka Optina alitumwa mzee Varsonofy amfuate. Waliokuwa wakimlinda mgonjwa hawakumruhusu kumwona. Nilipomsimulia bibi hilo alinyamaza kidogo, akauliza waliomzuia ni akina nani. Nikasema ni jamaa na rafiki zake, waliohofia atashtuka.

"Hao sasa," akasema, "ndio wa kuombewa," akaniomba nimshike mkono turudi kanisani, maana ibada ya jioni ilikuwa inaanza.